Laptopu Imejaa, Harusi ni Jumamosi: Kuendesha Programu za Picha kutoka Diski ya SSD ya Nje

Kutoka msikiti wa Kongo hadi Galu, na kutoka Ukunda hadi Msambweni na Lunga Lunga, kaunti yetu ina vijana wengi wanaojitafutia riziki kwa kamera. Wako wanaowapiga picha wageni ufuoni, wako wa harusi na mahafali, na wako wanaozipigia picha hoteli na nyumba za kukodisha. Kamera zao mara nyingi ni nzuri. Kinachowaangusha ni laptopu: ya mitumba, zile tunazoziita ex-UK, yenye RAM ya gigabaiti 4 au 8 na diski ndogo ambayo sehemu kubwa imeshaliwa na Windows.

Hesabu ni hii. Kamera ya megapikseli 24 ikipiga picha ghafi, yaani RAW, faili moja huwa na takriban megabaiti 25 hadi 30. Harusi ya siku mbili ikikupa picha 1,500, hizo ni kama gigabaiti 45. Harusi tatu ni gigabaiti 135, na diski ya gigabaiti 128 haiwezi kuzibeba hata kama haina kitu kingine ndani. Hapo ndipo mtu huanza kufuta za zamani ili apate nafasi ya za Jumamosi. Mwezi ukiisha, bi harusi anapiga simu akitaka albamu kubwa ya ukutani, na zilizobaki ni zile ndogo zilizotumwa kwa WhatsApp. Harusi hairudiwi, na jina la mpiga picha likishaharibika Ukunda, Msambweni watakuwa wamesikia kabla ya magharibi.

Njia moja ya kutoka hapo bila kununua laptopu mpya ni diski ya SSD ya nje: kidude kidogo kama kiberiti au kama simu nyembamba, kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Picha hukaa humo, kazi hufanyika humo humo, na kwa baadhi ya programu, programu yenyewe huendeshwa kutoka humo. Lakini si kila programu inakubali, si kila laptopu itafaidika, na ziko njia za kupoteza kila kitu kwa siku moja. Basi twende polepole.

Kabla ya kununua, angalia ndani ya laptopu

Diski za zamani, zile tunazoziita hard disk, zina sahani zinazozunguka na kichwa kinachosoma juu yake, mfano wa santuri. SSD haina kinachozunguka. Ni vipande vya kumbukumbu kama vya flashi, ila vya haraka zaidi na vya kudumu zaidi. Ndiyo maana SSD haiumii haraka ukipita nayo kwenye bodaboda barabara ya vumbi, ilhali diski ya sahani inaweza kufa kwa kuanguka mara moja kutoka mezani.

Ikiwa laptopu yako ndani bado ina diski ya sahani, ushauri wangu ni kwamba shilingi za kwanza usizipeleke kwenye diski ya nje. Mpe fundi aitoe hiyo ya ndani akuwekee SSD ya inchi 2.5. Laptopu nyingi za mitumba zinakubali, na mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka huwaka kwa sekunde chache. Baada ya hapo ndipo fikiria ya nje. Ikiwa laptopu yako ni nyembamba na diski yake imegandishwa kwenye bodi, au ni Mac ya miaka ya karibuni isiyofunguliwa kuongezwa nafasi, basi ya nje ndiyo njia yako.

Kisha angalia matundu. Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Tundu la USB la zamani, la kizazi cha 2, hupitisha data kwa kasi ya megabaiti 30 hadi 40 hivi kwa sekunde, hata ukichomeka diski ya bei gani. Kizazi cha 3 kilitangazwa mwaka wa 2008, na laptopu nyingi zilizotengenezwa kuanzia 2012 zina angalau tundu moja la aina hiyo. Mara nyingi ulimi wake wa ndani ni wa buluu, au pembeni pameandikwa herufi SS. Kwa tundu hilo, SSD ya kawaida ya nje hufikia megabaiti 400 kwa sekunde au zaidi. Zile gigabaiti 45 za harusi huchukua zaidi ya dakika 20 kuhamishwa kwa tundu la zamani, na takriban dakika mbili kwa tundu la buluu, kutoka SSD hadi SSD. Kutoka kwenye memori kadi ya kamera usitarajie dakika mbili, kwa sababu kadi nyingi zenyewe hazivuki megabaiti 90 au 100 kwa sekunde. Pika chai.

Waya nao una neno. Ziko waya za USB-C zilizotengenezwa kwa kuchaji simu tu, ambazo zina data ya kasi ndogo au hazina kabisa. Tumia ule uliokuja na diski, na usimwazime mtu wa kuchaji simu.

Jihadhari na diski za uongo

Ukiona SSD ya nje imeandikwa terabaiti 16 na bei yake ni ya chakula cha mchana cha watu wawili, iache mezani. Hizo hufunguliwa na kukutwa zina memori kadi ndogo ndani, iliyochezewa ili idanganye kompyuta kuhusu ukubwa wake. Ukiiwekea picha inapokea vizuri, jina la kila faili linaonekana, lakini baada ya kujaza nafasi ya kweli inaanza kuandika juu ya za mwanzo. Utagundua siku ya kufungua.

Kipimo ni cha bure. Kwenye Windows kuna programu ndogo iitwayo H2testw. Kwenye Mac na Linux kuna F3. Zote mbili huijaza diski kwa data ya majaribio kisha huisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Ifanye siku ya kwanza, diski ikiwa tupu, wakati bado unaweza kuirudisha dukani na risiti yako. Kwa diski kubwa itachukua saa kadhaa, kwa hivyo iache usiku.

Kwa kasi, huhitaji programu yoyote. Chukua folda ya gigabaiti 5, inakili kutoka laptopu hadi kwenye diski, na uhesabu. Ikimaliza ndani ya sekunde 15 au 20, uko sawa. Ikivuka dakika mbili, umechomeka kwenye tundu la zamani, au waya ni mbaya, au umeuziwa kitu kingine. Hesabu hii inategemea pia diski ya ndani. Kama ni ya sahani, yenyewe ndiyo itakayochelewesha.

Kuiandaa diski

Diski mpya huja imeandaliwa kwa mfumo fulani wa kupanga faili, na lazima uujue kabla ya kuweka picha hata moja, kwa kuwa kuubadilisha baadaye hufuta kila kitu. Kuna mitatu utakayokutana nayo. FAT32 ni wa zamani na haupokei faili moja inayozidi gigabaiti 4, kwa hivyo video ndefu ya harusi itakataliwa. NTFS ni wa Windows. Mac huusoma lakini haiandiki ndani yake bila programu ya ziada. exFAT husomwa na kuandikwa na zote mbili.

Wengi watakuambia uchague exFAT, nami nakubali ikiwa kweli unahama baina ya Mac na Windows, mathalani wewe una Windows na mwenzako wa video ana Mac. Kama maisha yako yote ni Windows, chagua NTFS. Sababu ni kwamba NTFS huweka daftari la kila badiliko linalotaka kufanyika, na ikikatizwa katikati huweza kujirekebisha. exFAT haina daftari hilo. Waya ukichomoka wakati faili inaandikwa, unaweza kupoteza zaidi ya faili ile moja.

Jambo la pili kwa watumiaji wa Windows ni herufi ya diski. Leo Windows itaiita E, kesho ukiwa umechomeka flashi kwanza itaiita F, na programu yako ya picha itakuonyesha alama ya kuuliza kwenye kila folda kana kwamba picha zimeibiwa. Hazijaibiwa. Fungua sehemu ya Windows iitwayo Disk Management, bofya diski yako kwa kitufe cha kulia, na uipe herufi ya mbali kama P au S. Herufi hiyo itabaki kwenye laptopu yako. Kwenye kompyuta ya mtu mwingine utairudia hatua hiyo.

Programu zipi zinakubali kuishi kwenye diski ya nje?

Tuanze na zinazokataa, maana hizo ndizo zinazotajwa zaidi. Photoshop na Lightroom Classic za kampuni ya Adobe hazisakinishwi kwenye diski ya kuchomeka na kuchomoa. Kampuni yenyewe imeandika hivyo katika masharti yake. Zinataka kukaa ndani ya laptopu, na malipo yake ni ya mwezi au mwaka, kwa akaunti inayoruhusiwa kuwashwa kwenye kompyuta mbili. Anayekuuzia "Photoshop ya flashi" mtaani anakuuzia nakala iliyovunjwa kufuli, na ndani yake hujui alichoweka. Kwa kompyuta ambayo M-Pesa ya biashara na barua pepe za wateja hufunguliwa humo, mimi singethubutu.

Hata hivyo, programu kukaa ndani ya laptopu si kikwazo kikubwa. Programu huchukua gigabaiti chache tu. Kinachojaza laptopu ni picha, na kazi inayozizunguka picha. Hizo zote zinaweza kuhamia nje.

Zinazokubali kuhama nzima nzima ni zile huria, za bure. GIMP, iliyoanzishwa mwaka wa 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, ina toleo la kubebeka linalopatikana PortableApps. Unalifungua ndani ya diski ya nje, linajiwekea folda yake, na mipangilio yako yote, brashi zako na fonti zako, hukaa humo. Unaenda kwenye kompyuta nyingine ya Windows, unachomeka, unabofya, unaendelea ulipoachia. GIMP ni ya kazi za mtindo wa Photoshop: kukata, kuondoa nguzo ya stima nyuma ya bwana harusi, kuandika maneno kwenye bango.

Kwa picha ghafi, kuna RawTherapee na darktable. RawTherapee ni rahisi kuibeba: ndani ya folda yake kuna faili ya maandishi iitwayo options, na humo kuna mstari wa MultiUser. Ukiuandika false badala ya true, programu itahifadhi mipangilio yake kando yake yenyewe badala ya kuitawanya ndani ya kompyuta ya watu. Darktable nayo huelekezwa kwa amri ya kuanzia: njia ya mkato yenye --configdir ikifuatwa na folda iliyoko kwenye diski yako.

Uzuri mwingine wa programu hizi mbili za mwisho ni kwamba zinaandika masahihisho yako kwenye faili ndogo kando ya kila picha, RawTherapee kwa kimalizio cha pp3 na darktable kwa xmp. Picha ghafi yenyewe haiguswi. Ukinakili folda ya harusi, umenakili na kazi yako yote.

Hili lina maana kwa kijana asiye na laptopu kabisa. Ukiwa na kamera ya kuazima na diski yako mwenyewe, unaweza kufanya kazi kwenye kompyuta ya chuo cha ufundi, ya maktaba au ya saiba, mradi mwenyewe ameruhusu. Uliza kwanza. Taasisi nyingi huzuia programu kutoka nje kwa sababu ya virusi, na wana haki.

Iko pia njia ya kusakinisha mfumo mzima wa Linux kwenye SSD ya nje na kuiwasha laptopu kutoka humo. Ubuntu Studio, kwa mfano, huja na GIMP na darktable tayari. Laptopu yenye diski ya ndani iliyokufa inaweza kufanya kazi hivyo kwa miaka. Ni somo la peke yake, na tutaliacha hapa.

Kwa wanaotumia Lightroom na Photoshop

Lightroom Classic huweka kila kitu unachofanya katika faili moja iitwayo katalogi, yenye kimalizio cha lrcat, na kando yake folda za picha za maonyesho. Katalogi hii haina picha zenyewe. Ina kumbukumbu ya zilipo na ulichozifanyia. Tengeneza folda moja kwenye SSD, mathalani "Kazi 2025", na ndani yake weka folda ya katalogi na folda ya picha. Funga Lightroom, hamisha katalogi pamoja na folda zake zote, kisha ifungue kwa kubofya faili ya lrcat huko ilikohamia. Picha zihamishe ukiwa ndani ya Lightroom yenyewe, kwa kuburuta folda upande wa kushoto, ili ijue zimekwenda wapi. Ukizihamisha kwa nje bila kuiambia, utakutana na zile alama za kuuliza.

Kuna mtego mmoja ambao haujulikani sana. Lightroom hukuuliza kila mara kama ungependa kuweka nakala ya akiba ya katalogi, nawe hujibu ndiyo na kulala vizuri. Lakini kwa kawaida nakala hiyo huwekwa katika folda kando ya katalogi yenyewe, yaani kwenye SSD ile ile. Ikipotea SSD, imepotea na akiba yake. Kwenye dirisha hilo la kuuliza kuna sehemu ya kuchagua folda nyingine. Ielekeze ndani ya laptopu. Faili hizo si kubwa.

Photoshop ina tatizo lake. Picha ya megapikseli 24 ikifunguliwa kwa kina cha biti 16 huchukua takriban megabaiti 144 ndani ya RAM, na hiyo ni tabaka moja. Tabaka kumi ni kama gigabaiti moja na nusu. Laptopu ya RAM gigabaiti 4, ambayo Windows imeshachukua sehemu kubwa, itashindwa, na Photoshop itaanza kumwaga ziada kwenye diski ya ndani. Nayo ikiwa imejaa, unapata ule ujumbe wa kwamba diski ya kazi imejaa, na mara nyingi huja ukiwa hujahifadhi. Katika mipangilio ya Photoshop kuna ukurasa wa Scratch Disks. Weka alama kwenye SSD ya nje, toa alama kwenye diski ya ndani, zima Photoshop na uiwashe tena. Acha angalau gigabaiti 50 tupu kwenye SSD kwa kazi hiyo.

Na hapa niseme wazi kitu ambacho wauzaji hawasemi. SSD ya nje haiongezi RAM na haiongezi nguvu ya prosesa. Picha zitafunguka haraka, utazipitia haraka, utazinakili haraka. Lakini ukiburuta kitelezi cha mwangaza na picha inachelewa kufuata, au ukisafirisha picha 600 kuwa JPEG na inachukua saa nzima, hapo anayefanya kazi ni prosesa, na diski haitamsaidia. Kwa laptopu ya RAM gigabaiti 4, kuongeza hadi 8 au 16, ikiwa inakubali, kutakupa zaidi ya diski yoyote. Katika Lightroom unaweza pia kutengeneza picha ndogo za kufanyia kazi, zisizozidi pikseli 2,560 upande mrefu, ukaziweka zitumike wakati wa kuhariri. Laptopu dhaifu hupumua.

Joto, chumvi na kuchomoa

Pwani yetu ni nzuri kwa picha na mbaya kwa vyuma. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi pamoja na unyevu hula vile vidole vidogo ndani ya tundu la USB-C hadi diski inaanza kukatika katika ikiguswa. Dalili ni mlio wa Windows wa kuchomeka na kuchomoa ukiwa hujagusa kitu. Usihamishe picha ukiwa mchangani. Hamisha ukifika nyumbani au kwenye duka lako, mikono ikiwa mikavu. Weka diski na memori kadi kwenye chupa au kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu na mikoba, usivitupe.

Joto nalo hupunguza kasi. SSD ikipata moto sana hujipunguzia mwendo ili isiungue, na ukiwa katikati ya kunakili utaona kasi inaporomoka ghafla. Si lazima iwe imeharibika. Iondoe juani, iondoe juu ya laptopu inayochemka, ipe hewa. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Na kwa wanaofanyia kazi kwenye baraza za hoteli: tumbili wa Diani hawajui tofauti ya SSD na biskuti, na hawasubiri uulize.

Kuhusu stima, laptopu yenye betri nzima ina nafuu. Ikiwa betri imekufa na laptopu huishi kwa chaja tu, kila stima inapopotea ni sawa na kuchomoa diski kwa nguvu katikati ya kuandika. Kwa mtu wa namna hiyo, betri mpya inatangulia SSD.

Na ukimaliza kazi, usichomoe tu. Funga programu ya picha, bofya alama ya USB chini kulia kwenye Windows na uchague Eject, au kwenye Mac buruta alama ya diski hadi kwenye pipa. Ikikwambia diski bado inatumika, inatumika kweli. Tafuta programu iliyobaki wazi. Ukishindwa kuipata, zima laptopu kabisa ndipo uchomoe.

Diski moja si hifadhi

Mtu akishahamishia kila kitu kwenye SSD, hupata raha, akafuta zilizokuwa kwenye laptopu, akaformati kadi. Sasa kazi yote ya mwaka iko kwenye kitu cha gramu hamsini ndani ya mfuko wa suruali, kwenye matatu ya kwenda Likoni.

Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya nakala tatu, kwenye aina mbili za vifaa, moja ikiwa mahali pengine. Kwa hali zetu inaweza kuwa hivi: SSD ya nje ni ya kazi inayoendelea, diski ya sahani ya kawaida, ambayo kwa gigabaiti moja ni rahisi zaidi kwa bei, inakaa kabatini na kupokea nakala kila jioni, na zile picha zilizohaririwa tayari, ambazo ni ndogo, zinapandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni au zinakaa kwa ndugu mnayeaminiana mtaa mwingine. Memori kadi ya harusi isiformatiwe kabla nakala mbili hazijakuwepo. Na SSD yenyewe isigeuzwe ghala la kuweka kabatini miaka bila kuchomekwa, kwa kuwa kumbukumbu ya aina hiyo huweza kufifia ikikaa muda mrefu bila umeme.

Virusi vinahitaji neno. Ukitoka kwenye kompyuta ya saiba na ukakuta folda zako zimegeuka njia za mkato, usizibofye. Picha mara nyingi zipo, zimefichwa tu. Changanua diski kwa programu ya kinga kwenye kompyuta safi kwanza.

Sheria inasema nini ikipotea

Picha inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamhusu pia mpiga picha anayehifadhi picha, majina, na nambari za simu za wateja wake. Kwa picha za watoto, ruhusa ya mzazi au mlezi inahitajika. Data ikivuja na kukawa na hatari halisi ya kumdhuru mhusika, Kamishna wa Data anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72 tangu ulipojua. Fikiria picha za singo la bi harusi, zilizopigwa ndani kwa ndani miongoni mwa wanawake, zikiwa kwenye diski isiyo na nenosiri iliyosahaulika kwenye tuktuk. Familia haitauliza diski ilikuwa ya gigabaiti ngapi.

Kwa hiyo ifunge. Windows za toleo la Pro zina BitLocker ya diski za nje: bofya diski kwa kitufe cha kulia na uiwashe. Diski iliyofungwa hivyo hufunguka pia kwenye Windows Home kwa nenosiri. Kwenye Mac, diski ikiandaliwa kwa mfumo wake yenyewe unaweza kuchagua iwe na ufunguo. Kwa wasio na hizo, au wanaohama baina ya Windows na Mac, VeraCrypt ni ya bure na hufanya kazi pande zote, ingawa huhitaji ruhusa ya msimamizi kwenye kila kompyuta utakayotumia, na hapo kompyuta ya saiba huwa haifai. Kasi hupungua kidogo, si kwa kiasi cha kukukera. Nenosiri liandike kwenye karatasi na ulihifadhi nyumbani mbali na diski, kwa maana likisahaulika hakuna fundi wa Ukunda wala wa Nairobi atakayekufungulia.

Mwisho, chukua kalamu ya wino usiofutika na uandike nambari yako ya simu juu ya diski yenyewe, si juu ya kifuko chake. Jina la mteja usiliandike.